Fidia ya Mgongo si Hisani ya Tajiri

Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, inajulikana nchini kwa mambo mawili. La kwanza ni makaburi ya mashujaa, walikolazwa askari wa Jeshi la Wananchi waliopoteza maisha Msumbiji katika miaka ya 1980. La pili ni kituo cha utafiti wa kilimo, ambacho kwa miongo mingi kimekuwa makao ya elimu ya korosho katika Tanzania. Hapo ndipo walipofanya kazi wataalamu waliowaonyesha wakulima kwamba unga wa salfa unaweza kuuzuia ugonjwa wa ubwiriunga, ule uliokuwa miongoni mwa mambo yaliyoliangusha zao hilo kutoka tani zipatazo 145,000 katika msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 katika msimu wa 1986/87. Hapo mkorosho umechunguzwa mzizi, jani, ua na tunda. Ubwiriunga una faili lake. Mbu wa mikorosho ana faili lake. Hata udongo una faili lake.

Lakini katika safari nzima ya korosho, kutoka shambani hadi melini, kipo kiungo kimoja ambacho aghalabu hakifunguliwi faili na mtu ye yote mpaka kimekwisha haribika. Kiungo hicho ni mgongo wa mchukuzi.

Msimu unapoanza, kila mwaka mnamo Oktoba, korosho hutoka kwa mkulima zikaingia katika ghala la chama cha msingi, zikapakiwa katika lori, zikashushwa katika ghala kuu, zikapangwa kwa safu ndefu kuelekea darini, zikasubiri mnada, zikapangwa tena katika lori na kupelekwa bandarini. Katika kila hatua hiyo mashine ni chache na watu ni wengi. Gunia lililozoeleka la korosho ghafi lina kilo 80. Mchukuzi hulipokea kichwani na mabegani juu ya ngata, akapanda nalo ubao mwembamba hadi ndani ya lori, akalitua, akarudi mbio kuchukua jingine, maana malipo yake huhesabiwa kwa gunia wala si kwa saa.

Hesabu yake ni ya darasa la nne. Lori la tani 30 hubeba magunia 375. Kundi la wachukuzi 10 likipakia malori mawili kwa siku, kila mmoja amebeba magunia 75, yaani kilo 6,000. Tani 6 zimepita juu ya shingo moja kati ya alfajiri na magharibi, na kesho yake kazi inaanza upya. Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo lake namba 128 la mwaka 1967, lilisema kwamba mwanaume mtu mzima asibebeshwe kwa mikono mzigo unaozidi kilo 55. Gunia la korosho limeupita mpaka huo kwa kilo 25. Mfuko wa saruji, ambao watu wa Mtwara wanaufahamu vizuri tangu kiwanda kikubwa cha saruji kilipoanza kazi mkoani humo mwaka 2015, una kilo 50. Wenye saruji waliweza. Wenye korosho watashindwaje?

Madhara ya mzigo huo hayaji kwa kishindo kila mara. Ziko ajali zilizo wazi: ubao umeteleza, safu ya magunia imeporomoka, mtu ameanguka kwa shingo. Lakini ajali nyingi za mgongo hazina damu wala mfupa uliochomoza. Mchukuzi anajikunja kulipokea gunia, anasikia kitu kama uzi unakatika kiunoni, moto unashuka pajani hadi kwenye kidole gumba cha mguu. Anakaa kitako. Wenzake wanamtania kidogo, kisha wanaendelea, kwani lori halimsubiri mtu. Jioni anasaidiwa kufika nyumbani. Usiku mkewe anamkanda kwa maji ya moto. Asubuhi anakwenda kwa mchua viungo, ambaye anasema mshipa umeruka; jirani anasema ni ngiri; mwingine anashauri dawa za kutuliza maumivu za dukani. Siku ya tano mnyapara anamletea pole ya Sh. 20,000 na salamu za tajiri. Wiki ya tatu, anapoona mguu unakufa ganzi, ndipo anapofika hospitali ya Ligula. Daktari aliyezidiwa na msururu wa wagonjwa anaandika katika cheti maneno matatu: maumivu ya mgongo. Kazi ya mgonjwa haikuulizwa. Gunia halikutajwa. Tarehe ya kuumia haimo.

Huo ni mfano tu, na hauna jina la mtu wala la ghala. Lakini karani ye yote aliyekaa msimu mmoja katika ghala la korosho atautambua. Kwa kadiri ya haki ya fidia, mtu huyo alikwisha poteza nusu ya kesi yake kabla hajajua kwamba anayo kesi.

Fidia ya kuumia kazini si fikra mpya duniani, wala haikuzuliwa na watu wenye huruma nyingi. Ujerumani ya Bismarck ilitunga sheria ya bima ya ajali kazini mwaka 1884 kwa sababu viwanda vilikuwa vinakata viungo vya watu, na wafanyakazi walikuwa wameanza kujiunga katika vyama. Uingereza ilifuata mwaka 1897. Maana ya sheria hizo ilikuwa moja: mfanyakazi hatalazimika tena kuthibitisha mahakamani kwamba tajiri alifanya uzembe, itatosha kwamba ameumia kwa sababu ya kazi na akiwa katika kazi hiyo. Naye tajiri kwa upande wake hatashitakiwa kwa mamilioni kila siku, bali atalipa kiasi kinachojulikana. Yalikuwa mapatano, na kila upande uliacha kitu.

Tanganyika ilipata sheria ya namna hiyo wakati wa ukoloni, mwishoni mwa miaka ya 1940, zama za mashamba ya mkonge na za mradi wa karanga uliozaa bandari ya Mtwara. Mkonge ule ulikatwa na watu wengi waliouvuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji, Wamakonde waliokwenda kutafuta mshahara kaskazini na wengine wasirudi kwao. Viwango vya sheria ile ya kikoloni vilibaki vikiburuzwa kwa miaka mingi hata baada ya Uhuru, hadi thamani yake ikaliwa na wakati. Ilipofika karne hii, mtu aliyepata ulemavu wa kudumu kazini alikuwa na haki ya kulipwa, kwa kiwango cha juu kabisa, Sh. 108,000. Familia ya aliyekufa ilikuwa na Sh. 83,000. Si kwa mwezi. Kwa maisha.

Bunge lilipitisha Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, namba 20, mwaka 2008. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ukaanza kupokea michango Julai 2015. Miaka saba kati ya sheria na mfuko ni mirefu, na waliovunjika migongo katika miaka hiyo hawatafidiwa na historia. Hata hivyo tofauti ni kubwa mno na haifai kubezwa. Mwajiri wa Tanzania Bara, awe wa umma au binafsi, anawajibika kujiandikisha na kuchangia. Sekta binafsi ilianza kwa asilimia 1 ya mishahara, ikapunguziwa hadi 0.6 mwaka 2021 na kufika 0.5 mwaka 2022, sawa na sekta ya umma. Mfanyakazi hakatwi hata senti moja. Aumiapo, Mfuko hubeba gharama za matibabu. Asipoweza kazi kwa muda, hulipwa asilimia 70 ya mapato yake, kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Ulemavu ukiwa wa kudumu hupimwa kwa asilimia: uliozidi 30 huleta pensheni ya kila mwezi, usiofika huko hulipwa kwa mkupuo. Yapo pia malipo ya mtu anayemhudumia mgonjwa asiyejiweza, huduma za utengamao za kumrudisha kazini au kumfundisha kazi nyingine, gharama za mazishi, na malipo ya wategemezi.

Sasa itazamwe hesabu ya upande wa pili. Mchukuzi anayepata Sh. 300,000 kwa mwezi katika msimu, mchango wake ni Sh. 1,500. Kiasi hicho hakifiki hata nusu ya bei ya kilo moja ya korosho iliyotangazwa na Serikali Novemba 2018, yaani Sh. 3,300, wakati jeshi lilipopelekwa kusini kusomba korosho na wananchi wakaona kwa macho yao kwamba kusomba korosho ni shughuli ya kutosha kulishughulisha jeshi. Kwa Sh. 1,500 tajiri ameuondoa mzigo wa ajali mabegani mwake. Ni vigumu kuamini kwamba wanaokwepa wanakwepa kwa sababu ya fedha hizo. Wanachokwepa ni kuandika jina la mtu katika daftari. Jina likiisha andikwa, huyo si “kibarua wa leo” tena. Ni mfanyakazi, na mfanyakazi ana saa za kazi, ana likizo, ana kiinua mgongo. (Lugha ya Kiswahili nayo ina busara zake: malipo ya mtumishi anayeondoka tuliyaita kiinua mgongo, kana kwamba waliolipa jina hilo walijua ni kiungo gani kilichokuwa kimeinama.)

Hapo ndipo penye kiini cha tatizo la mchukuzi. Muulizwe mchukuzi wa ghalani ni nani mwajiri wake, naye atamtaja mnyapara. Mnyapara atamtaja mwendesha ghala. Mwendesha ghala atasema malipo ya upakiaji hutoka kwa mnunuzi. Mnunuzi, ambaye ofisi yake pengine iko Dar es Salaam au ng’ambo, atasema aliingia mkataba na msafirishaji. Msafirishaji atasema yeye ana madereva tu. Chama cha msingi kitasema wachukuzi wale ni kikundi huru cha vijana kilichojiunga chenyewe. Duara limefungwa, na katikati yake amelala mtu mwenye mguu uliokufa ganzi.

Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 iliuona ujanja huo mapema. Kifungu chake cha 61 kinasema mtu atachukuliwa kuwa mwajiriwa likiwepo hata moja katika mambo kadhaa yanayotajwa: kwamba namna anavyofanya kazi au saa zake zinaongozwa na mwingine, kwamba amemfanyia kazi huyo kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, kwamba anamtegemea kiuchumi, kwamba hupewa vifaa na huyo huyo, kwamba hafanyi kazi kwa mwingine. Saa 45 kwa mwezi ni kitu gani kwa mchukuzi wa msimu? Ni siku nne au tano tu za Novemba. Nayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka huo huo inamtwisha mwajiri wajibu wa kuandika masharti ya kazi, na asipoweza kuyaonyesha mbele ya vyombo vya kisheria, ni juu yake yeye kuthibitisha au kukanusha kile kinachodaiwa. Kwa hiyo, kusema “hana mkataba” si jibu. Kutokuwapo kwa karatasi ni kosa la mwenye kalamu, si la mwenye gunia.

Hata hivyo itakuwa si haki kumtupia tajiri lawama yote na kuacha kutaja ugumu ulioko katika maungo yenyewe. Mgongo ni shahidi mbaya. Mkono uliokatwa na msumeno unajieleza wenyewe, mgongo hubishaniwa. Picha ya eksirei huonyesha mifupa, haionyeshi vizuri zile diski laini zilizo kati ya pingili za uti wa mgongo, wala mishipa ya fahamu inayobanwa. Na vipimo vikubwa vinavyoziona diski huonyesha uchakavu hata kwa watu wazima wengi wasiolalamika maumivu yo yote. Madaktari wanakubaliana kwamba katika wagonjwa wengi wa maumivu ya kiuno hakipatikani chanzo kimoja kinachoweza kuonyeshwa kwa kidole, na kwamba wengi hupata nafuu baada ya wiki chache wakiendelea kujinyoosha na kutembea, si kwa kulala kitandani. Maradhi hayo ndiyo yanayoongoza duniani kwa kuwafanya watu wasijiweze: makadirio ya mwaka 2020 yalihesabu watu milioni 619. Miongoni mwao wamo wachukuzi, lakini wamo pia makarani, madereva na mama wa nyumbani.

Basi mtathmini anapopokea dai la mgongo ana haki ya kuuliza: je, hii ni kazi au ni umri? Na wamo, haina haja kuficha, watu wachache wanaolia kiuno kwa ajili ya fedha. Mfuko usipouliza maswali utafilisika, na atakayeumia kweli mwaka kesho hatakuta kitu. Lakini swali hilo lina majibu yake, nayo hayamo katika picha pekee. Yamo katika maandishi ya siku ile ile ya tukio. Nani alikuwepo? Gunia la kilo ngapi? Alikuwa amesimamaje? Alifanya kazi hiyo msimu wa ngapi? Je, jana yake alibeba bila shida? Mtu aliyebeba magunia 75 Jumatatu na hawezi kuinuka Jumanne hakuzeeka usiku mmoja.

Mganga mmoja wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliyeandika kitabu juu ya maradhi ya wafanyakazi mwaka 1700, aliwahimiza madaktari waongeze swali moja katika maswali yao ya desturi: mgonjwa anafanya kazi gani? Katika kitabu hicho wachukuzi walikuwa na sura yao. Zaidi ya karne tatu zimepita. Swali lile ni la maneno manne, na katika vyumba vingi vya matibabu bado halijaanza kuulizwa kama desturi. Tabibu anayeandika “aliumia akishusha gunia la korosho, tarehe fulani, ghala fulani” hamfanyii mgonjwa upendeleo. Anaandika ukweli kamili badala ya ukweli nusu.

Sheria nayo ina saa yake inayokwenda. Mfanyakazi amwarifu mwajiri mapema iwezekanavyo. Mwajiri akishapata habari ana siku 7 za kuuarifu Mfuko. Na ajali isiyofikishwa panapohusika ndani ya miezi 12 inahatarisha haki yote. Yule mchukuzi wa mfano aliyekaa wiki tatu akikandwa kwa maji ya moto bado hajachelewa, ikiwa atapatikana mtu wa kumwambia hivyo. Asipopatikana, msimu utakwisha, mnyapara atahama, wenzake watatawanyika kwenda Newala, Tandahimba au kuvua samaki, na mashahidi wa ubao ule hawatakusanyika tena.

Wapo wanaodhani kwamba habari hizi ni za nchi moja tu au zao moja. Katika miaka ya karibuni wachuma chai wa Kericho, nchini Kenya, waliifikisha kampuni ya James Finlay (Kenya) mbele ya mahakama kuu ya Uskoti, mjini Edinburgh, kwa kuwa kampuni hiyo imeandikishwa Uskoti. Walidai kwamba kubeba vikapu vya majani ya chai mgongoni, siku baada ya siku, katika miteremko, kuliwaharibu migongo na shingo. Kampuni ilipinga. Novemba 2023 mahakama ya rufaa ya huko ilisimamisha shauri ili kwanza madai yapitie katika sheria ya Kenya ya mwaka 2007 ya fidia za kuumia kazini. Mtu anaweza kubishana juu ya uamuzi huo. Lakini lipo jambo la kutafakari: makabwela wa Kericho walifika Edinburgh kwa sababu kule ndiko walikoona pana sikio. Mchukuzi wa Mtwara hana wakili wa Edinburgh, na korosho zake hununuliwa na watu wengi wanaobadilika kila mnada. Sikio lake ni lazima liwe hapa hapa, katika kata, katika zahanati, katika ofisi ya kazi.

Kwa ajili hiyo maneno haya yanawahusu watumishi wa umma na walimu zaidi kuliko wanavyoweza kudhani. Katika Naliendele, kama katika kata nyingine za pwani ile hadi Kilambo penye kivuko cha Ruvuma, mtu mwenye shida ya barua haendi kwa wakili. Anakwenda kwa mwalimu. Anakwenda kwa mtendaji wa kata. Anakwenda kwa mganga wa zahanati. Watu hao watatu ndio ofisi yake ya sheria. Na mara nyingi jibu analopewa ni la upole lakini ni baya: “Ndugu yangu, wewe nenda ukamwombe tajiri wako akusaidie.” Neno “kumwomba” ndilo linaloharibu. Mtu haombi kilichokwisha kulipiwa kwa jina lake. Na kama hakikulipiwa, basi ametendewa kosa, na kosa haliombewi msaada.

Yule anayeweza kuandika barua ya ukurasa mmoja, yenye tarehe, mahali, uzito wa mzigo, majina ya walioshuhudia na sahihi au alama ya dole gumba ya mwenye kuumia, nakala moja ikabaki nyumbani na nyingine ikapokelewa kwa muhuri, amefanya kazi kubwa kuliko hotuba kumi za Mei Mosi. Pole ya Sh. 20,000 ipokelewe kwa shukrani, lakini isitiwe sahihi katika karatasi inayosema “nimemalizana naye”. Na dai likikataliwa, zipo ngazi za kuomba mapitio na kukata rufaa hadi Divisheni ya Kazi ya Mahakama Kuu. Ngazi hizo hazina maana kwa mtu asiyekuwa na karatasi ya kwanza.

Si kwamba watumishi wenyewe wako salama. Mwalimu anayeanguka na pikipiki akitumwa kupeleka karatasi za mitihani, mhudumu wa afya anayeinua mgonjwa mzito peke yake usiku, kibarua wa shambani anayetembea chini ya mikorosho na mashine ya kupulizia salfa mgongoni kutoka Juni hadi Septemba, wote wana migongo, na wote wana mwajiri. Wangapi kati ya walimu wakuu wamewahi kuijaza fomu ya taarifa ya ajali ya mtumishi aliye chini yao? Desturi ni kumpa mwalimu ruhusa ya ugonjwa, kumchangia nauli ya kwenda Muhimbili, na kumwombea dua. Mambo hayo ni mema. Hayaizuii fomu.

Lipo jambo jingine ambalo halijapewa uzito wake: mapato yaliyoandikwa. Kwa kuwa fidia ni sehemu ya mapato, daftari linalodanganya huendelea kudanganya hata baada ya kazi kwisha. Mchukuzi aliyekuwa akipata Sh. 300,000, akiandikwa Sh. 90,000 ili mchango upungue, hatalipwa Sh. 210,000 kwa mwezi akiwa kitandani, atalipwa Sh. 63,000. Akipata ulemavu wa kudumu, uongo ule wa karani utamfuata kila mwezi hadi kaburini. Kwa hiyo kila kundi la wachukuzi halina budi kuwa na daftari lake pia, hata la shule la kurasa 40: tarehe, lori, idadi ya magunia, fedha iliyopokewa. Vijana wengi wa makundi hayo wamemaliza darasa la saba au kidato cha nne. Hawakosi kujua kuandika. Hawajaambiwa kwamba kuandika kuna faida.

Na wenye mamlaka ya zao wasingoje mtu avunjike ndipo waanze kujadili. Tangu stakabadhi za ghala zilipoanza kutumika Mtwara katika msimu wa 2007/08, korosho imekuwa zao lenye karatasi nyingi kuliko mengine nchini. Kila kilo inapimwa, kila daraja linaandikwa, kila makato ya mkulima yana jina. Vyama vikuu vya ushirika, MAMCU na TANECU, vina nguvu ya kuweka sharti kwamba hakuna ghala litakalopewa korosho bila orodha ya wachukuzi na hati ya kuandikishwa katika Mfuko wa Fidia. Wakaguzi wa usalama mahali pa kazi, ambao sheria yao ni ya mwaka 2003, wana uwezo wa kuingia ghalani wakati wa msimu, si baada yake. Na gunia la kilo 50 linahitaji uamuzi tu, pamoja na magunia ya ziada. Zao lililofikia tani 313,000 katika msimu wa 2017/18 haliwezi kusema halina fedha ya magunia.

Watasema wanunuzi wamezoea kilo 80. Watasema ubao wa lori ni ule ule, na kwamba vijana wenyewe wanapenda gunia kubwa kwa kuwa hulipwa kwa gunia. Hilo la mwisho ni kweli, na ndiyo sababu bei ya kupakia inapaswa kuhesabiwa kwa tani wala si kwa gunia. Vinginevyo kupunguza uzito kutakuwa ni kupunguza mshahara, nao vijana watakataa kwa haki.

Salfa ya msimu ikiisha kupulizwa na maua kugeuka korosho, maghala yatafagiliwa, mizani itakaguliwa na kupigwa muhuri, na vikao vya maandalizi vitaitishwa kama ilivyo ada. Katika vikao hivyo watakuwapo watendaji, maofisa ushirika, maofisa kilimo na wawakilishi wa wanunuzi. Orodha ya wachukuzi iwekwe mezani pamoja na cheti cha mizani, na asomwe mtu mmoja mmoja kwa jina lake, aulizwe mwenye ghala: huyu umemwandikisha?